MCHEZO NI WA WATOTO, USALAMA NI WA WAKUBWA: Namna ya kutengeneza vyombo vya jukwaa vinavyosogea bila kuanguka



Mwaka wa masomo unapoelekea mwisho, kila kambi ya wafanyakazi inajaa kelele nzuri. Kalasi moja inaimba, ingine inapiga ngoma, ya tatu inaigiza hadithi ya Kalulu na Simba. Mwezi wa Desemba ni vilevile: kuna siku ya Mtakatifu Barbara tarehe 4, msimamizi wa wachimba madini, kisha Noeli. Katika nchi yetu ya shaba watu wanapenda mchezo wa kuigiza. Tangu miaka ya 1970 watu wa Lubumbashi walicheka na kujifunza pamoja na kundi la Mufwankolo, redioni na kwenye televisheni. Watoto wetu wanafuata njia hiyo, na tunafurahi.

Basi jioni moja mwalimu atabisha hodi kwako.

"Hodi, Baba."

"Karibu, Mwalimu. Ukae."

"Baba, sikai sana. Tunajua wewe ni fundi. Tunahitaji nyumba, mti na tanuru la shaba kwa mchezo wa watoto. Lakini viwe vyepesi, watoto waviondoe upesi kati ya sehemu moja na ingine."

"Mwalimu, hiyo ni kazi ndogo. Jumapili itakwisha."

Ngoja kwanza, ndugu. Ni kazi ndogo kwa mikono yako, lakini kwa akili yako ni kubwa. Mwalimu amekuomba mambo mawili yanayopigana: kitu kisogee upesi, na kitu kisimame imara. Chombo chepesi sana kinasogea vizuri, lakini upepo unakiangusha. Chombo kizito kinasimama vizuri, lakini kikianguka kinavunja mguu wa mtoto. Leo ukurasa wetu wa Usalama na Afya unakuonyesha namna ya kupatanisha mambo hayo mawili.

KWA NINI TUNASEMA JUU YA MICHEZO

Labda utauliza: "Usalama ni mambo ya kazini. Jukwaa la watoto linaingiaje hapa?" Jibu ni hili: mtu aliyefundishwa usalama haiachi akili yake mlangoni mwa kampani pamoja na kofia ya kazi. Kazini hupiti chini ya mzigo unaoning'inia. Huachi vagoneti kwenye mteremko bila kabari. Huingii fasi ya kuchimba kabla ya kuangalia mawe ya juu. Sasa angalia jukwaa la watoto: kuna ukuta uliosimama juu ya vichwa vyao, kuna kitu cha magurudumu juu ya mbao zisizo sawa, kuna waya wa umeme unaopita chini, na kuna watoto thelathini wanaokimbia gizani kwa furaha. Hiyo ni shantie kamili, ila wafanyakazi wake wana miaka minane, na hakuna hata mmoja mwenye kofia.

Mtoto haogopi. Anaegemea, anapanda, anamsukuma mwenzake. Anajua kwamba nyumba ya mchezo ni ya uwongo, lakini uzito wake ni wa kweli. Ubao mmoja wa tripleksi wa meta 2.44 kwa 1.22, wenye unene wa milimeta 12, una karibu kilo 20. Ukianguka kutoka wima, ukingo wake wa juu unafika kichwani mwa mtoto kwa nguvu ya kutosha kumletea hatari ya maisha. Kwa hiyo usiseme: "Ni mchezo tu."

KITU KINAANGUKA KWA SABABU GANI?

Kabla ya kushika msumeno, uelewe jambo moja. Kila kitu kina fasi ambapo uzito wake wote ni kama umekusanyika. Kama fasi hiyo iko chini, na miguu ya kitu imepanuka, kitu kinasimama. Kama fasi hiyo iko juu, na miguu imekaribiana, kitu kinaanguka. Mama anayebeba beseni la maji kichwani anajua hayo bila kitabu: akisimama, anapanua miguu kidogo.

Tufanye hesabu. Umetengeneza sanduku refu litakalokuwa mlango wa nyumba. Lina kilo 30. Upana wa chini, kutoka mguu wa mbele hadi wa nyuma, ni santimeta 60. Mtoto anaegemea kwenye urefu wa meta 1, na anasukuma kwa nguvu ya kilo 10. Je, litaanguka?

Nguvu ya kuangusha: kilo 10 mara meta 1 ni 10. Nguvu ya kushikilia: kilo 30 mara nusu ya upana, yaani meta 0.30, ni 9. Kumi inashinda tisa. Sanduku linaanguka.

Sasa una njia mbili za kulisahihisha. Ya kwanza: panua miguu ifike santimeta 90. Kilo 30 mara 0.45 ni 13.5. Sanduku linasimama. Ya pili: acha upana uleule, lakini weka mzigo wa kilo 20 chini kabisa. Kilo 50 mara 0.30 ni 15. Linasimama vilevile. Ukifanya yote mawili unapata zaidi ya 22, yaani mara mbili ya nguvu ya mtoto huyo na zaidi. Hapo unaweza kulala usingizi.

Shika kanuni hii: kitu kinachosimama peke yake jukwaani, upana wake wa chini usipungue nusu ya urefu wake. Nyumba ya meta 1.80 ipate miguu ya santimeta 90. Kama haiwezekani, ongeza mzigo chini.

Tena, angalia vizuri: kama kitu kinakaa juu ya magurudumu, upana unaohesabu ni ule kati ya magurudumu. Upana wa sanduku haukusaidii kitu. Mafundi wengi wanasahau hilo. Wanafunga magurudumu ndani, chini ya sanduku, ili yasionekane. Kumbe wamepunguza miguu kwa santimeta 20. Na magurudumu madogo yanayozunguka yenyewe kila upande yanaweza kugeukia ndani na kupunguza upana tena. Yafunge kwenye pembe za mwisho kabisa, au juu ya mbao mbili zinazotokeza nje.

MZIGO UNAOMWAGIKA

Utasema: "Nikiweka kilo 20 chini, watoto watachukuaje chombo kutoka masomo hadi sele?" Neno zuri. Dawa yake ni bidoni ya plastiki ya litre 20, ile unayochotea maji. Bidoni iliyojaa maji ina kilo 20. Ikijaa mchanga mkavu inapita kilo 30. Tengeneza ndani ya chombo, chini kabisa, kijumba cha mbao cha kuishika bidoni isiteleze. Wakati wa safari bidoni iko tupu, na chombo ni chepesi. Mkifika, mnajaza. Mchezo ukiisha, mnamwaga na kurudi nyumbani.

Kwa magunia, jaza mchanga kilo 25 katika kila moja, yaani zaidi kidogo ya ndoo moja na nusu ya litre 10. Funga mdomo kwa kamba. Usitumie mawe matupu wala matofali: yanateleza, yanaanguka juu ya vidole, na mtoto mtundu anayachukua kuchezea.

KANUNI YA TOROLI

Sasa tuje kwenye kusogea. Toroli la gurudumu moja linatufundisha vizuri. Ukiinua mikono yake, linakwenda. Ukiiachia, linakaa juu ya miguu yake na halitembei tena. Halihitaji breki wala kabari. Likiachwa peke yake, linasimama lenyewe. Hiyo ndiyo namna bora ya chombo cha jukwaa kwa watoto, kwa sababu mtoto atasahau kufunga breki, lakini hawezi kusahau kuachia.

Fanya hivi:

1. Chukua chombo chako, tuseme mti au nyumba, chenye kitako cha mbao chenye miguu minne imara.

2. Kwa upande wa nyuma, funga magurudumu mawili kwa bulo, yasiguse chini wakati chombo kimesimama. Acha nafasi ya unene wa kidole, yaani santimeta 1 mpaka 1 na nusu.

3. Kwa nyuma vilevile, weka mikono miwili ya kushika, kwenye kimo cha kiuno cha mwenye kusukuma.

4. Anayetaka kusogeza anavuta mikono, chombo kinalala kidogo nyuma, magurudumu yanagusa chini, miguu ya mbele inainuka. Anatembea. Akifika, anarudisha polepole, miguu inashuka, chombo kinasimama.

5. Jaribu wewe mwenyewe mara kumi kabla ya kumpa mtoto. Kama chombo kikilala kinavuta mikono yako kwa nguvu, ni kirefu mno au kizito mno juu. Punguza juu, ongeza chini.

Namna hii inafaa kwa vyombo vifupi, visivyopita meta 1.50. Magurudumu yanaweza kutoka kwenye rulemani za zamani, zile ambazo vijana wanatengenezea vigari vyao vya kushuka mteremko. Zinapiga kelele, zungushia mpira wa baiskeli na zitanyamaza.

Kama chombo ni kikubwa na kinahitaji magurudumu manne chini yake, basi kila gurudumu lipate kabari yake ya mbao, imefungwa kwa kamba fupi kwenye chombo chenyewe ili isipotee. Pakeni kabari rangi nyekundu. Kabari nyekundu ikionekana inaning'inia, kila mtu anajua: chombo hakijafungwa, hakuna ruhusa ya kukaribia. Wewe wa reli na wa kamyo unaijua sheria hiyo.

UKUTA NI TANGA

Chombo cha hatari kuliko vyote ni ukuta mrefu mwembamba uliopakwa rangi ya nyumba au ya msitu. Unaonekana mpole. Lakini michezo mingi inafanyika nje, wakati wa kiangazi, na mwezi wa Agosti na wa Septemba upepo wetu unajulikana. Ukuta ukisimama nje ni tanga la mtumbwi.

Upepo wa kilometa 36 kwa saa, ule unaoinua vumbi na kuyumbisha miti midogo, unasukuma ubao mmoja wa tripleksi uliosimama kwa nguvu ya karibu kilo 22. Na upepo ukizidi mara mbili, nguvu inazidi mara nne. Hiyo ndiyo sababu ukuta uliosimama vizuri asubuhi unaruka mchana.

Kwa kila ubao mmoja tengeneza miguu miwili ya nyuma yenye umbo la pembe tatu: mti mmoja wima unaofungwa kwenye ukuta, mti mmoja unaolala chini wenye urefu wa meta 1, na mti wa mshazari unaounganisha hiyo miwili. Pembe tatu haipindi; ndiyo sababu unaiona kwenye paa la nyumba na kwenye mnara wa kisima cha mgodi. Funga kwa bulo au kwa visi. Usitumie misumari mitupu, kwa kuwa msumari unalegea kila mara chombo kinapobebwa.

Kisha weka mzigo. Hapa sikiliza vizuri, kwa sababu wengi wanafanya nusu ya kazi. Gunia lililowekwa mwisho wa mguu, nyuma, linazuia ukuta usianguke mbele, upande wa watazamaji. Lakini upepo ukitoka mbele na kusukuma ukuta nyuma, gunia hilo halisaidii kitu, kwa sababu ukuta unazungukia palepale lilipo. Kwa hiyo kila mguu upate magunia mawili ya kilo 25: moja mwisho wa nyuma, moja karibu na ukuta. Kwa miguu miwili ni magunia manne. Kwa hesabu yetu ya upepo wa kilometa 36, ukuta utashinda karibu mara mbili, ukisukumwa mbele ama nyuma.

Kama upepo unazidi hapo, usiongeze gunia la tano. Laza kuta zote chini, na watoto wacheze bila kuta. Watazamaji wetu wanajua kuona nyumba pasipo nyumba.

Na kama unaweza kuepuka tripleksi, epuka. Fremu ya miti myepesi iliyofunikwa kwa kitambaa cha magunia na kupakwa rangi inaonekana vilevile, na ikianguka haivunji mtu. Lakini kumbuka: upepo unakisukuma kitambaa kama unavyosukuma ubao. Uzito wake umepungua, magunia ya mchanga hayapungui.

KICHUGUU NA TANURU LA SHABA

Tuchukue mchezo mmoja unaopendwa: watoto wanaonyesha kazi ya babu zetu, wayeyusha shaba wa Katanga, zamani kabla ya tanuru kubwa la Lubumbashi kuanza kutoa shaba mwaka 1911. Wazee walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakatia makaa na mawe ya shaba, wakapuliza kwa mivukuto. Shaba nyingine waliimimina kuwa misalaba, iliyotumika hata kama fedha. Mchezo huo unahitaji kichuguu na tanuru, na vyote viwili vinaingia katika chombo kimoja.

Kichuguu kwa umbo lake ni chombo salama: chini ni kipana, juu ni chembamba. Chukua fito za kupinda au matete. Tengeneza duara tatu: ya chini meta 1.20, ya kati santimeta 80, ya juu santimeta 30. Zifunge kwenye fito sita zinazopanda hadi kimo cha meta 1.20. Chini weka msalaba wa mbao wa kushika bidoni ya maji. Funika fremu kwa vipande vya kartoni na karatasi zilizolowekwa katika uji wa unga wa muhogo, mikunjo minne au mitano, ukiacha kila mkunjo ukauke. Mwisho paka udongo mwekundu wenyewe wa kichuguu uliochanganywa na uji huohuo. Hakuna rangi ya duka inayoshinda hiyo.

Fremu hiyo ni nyepesi. Watoto wawili wanaibeba wakati bidoni iko tupu. Upande wa nyuma acha mlango wa kuingizia bidoni. Upande wa mbele toboa mdomo wa tanuru.

Na moto? Hakuna moto. Rudia pamoja nami: HAKUNA MOTO. Kartoni, matete, kitambaa na uji uliokauka ni kuni. Usiweke mshumaa, wala taa ya petroli, wala makaa "machache tu". Weka tochi ya mabetri ndani, na mbele yake kitambaa chekundu chembamba. Mtoto mmoja anayekaa nyuma akitikisa mkono mbele ya tochi, tanuru litawaka mpaka bibi wa mstari wa kwanza atasogeza kiti.

VITU VYA KUPANDA JUU

Kiti cha mfalme, jiwe la kuhubiria, daraja: hivi ni vyombo ambavyo mtoto anasimama juu yake. Hapa sheria ni kali zaidi.

Kimo kisipite santimeta 40. Hesabu uzito wa watoto wote watakaopanda, kisha uuzidishe mara mbili, kwa sababu watoto hawasimami, wanaruka. Baba wawili wazito wapande kwanza na kurukaruka. Kama ubao unalia, bado haujawa tayari.

Chombo cha kupanda kisiwe na magurudumu. Kibebwe. Kama lazima kiwe na magurudumu, basi kifuate kanuni ya toroli, na mtoto asipande mpaka miguu yote minne imegusa chini. Kumsukuma mtoto aliyesimama juu ya chombo kinachotembea, hata kama mchezo unasema mfalme anaingia mjini kwa gari, ni marufuku. Mfalme aingie kwa miguu, askari wamtangulie na ngoma. Ni heshima zaidi.

VITU USIVICHUKUE KAZINI

Tunajua mbao zina bei. Tunajua pia kwamba nyuma ya atelie kuna vitu vingi vinavyotupwa. Kwanza, usichukue kitu bila ruhusa ya mkubwa wako. Pili, hata ukipewa ruhusa, vitu hivi visiingie kamwe mikononi mwa watoto:

Masanduku ya baruti na ya vilipuzi, hata kama ni matupu na mazuri.

Mapipa na bidoni zilizokuwa na asidi, sianidi au dawa za kusafishia mawe ya shaba. Kuosha hakutoshi. Na pipa lililokuwa na petroli au mafuta usilikate kwa moto: mvuke uliobaki ndani unalipuka.

Mataruma ya zamani ya reli na miti iliyopakwa dawa nyeusi. Dawa hiyo inachoma ngozi, na moshi wake ni sumu.

Mabati ya eterniti ya zamani. Yana nyuzi za asbesto. Ukiyakata au kuyavunja, nyuzi zinaingia mapafuni na hazitoki. Ugonjwa wake unaweza kukaa kimya miaka mingi. Wewe unayejua vumbi la mawe linavyoharibu pumzi, usimpe mtoto wako vumbi lingine.

Mbao za paleti zenye alama ya MB: zimepigwa gesi ya kuua wadudu. Zenye alama ya HT zilikaushwa kwa joto tu, hizo zinaweza kutumika kama ni safi.

Mbao zenye rangi ya zamani inayobanduka. Rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi. Ukizisugua kwa msasa, mtoto anavuta vumbi hilo, na linaharibu akili yake. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Na nguo yako ya kazi isiwe vazi la mwigizaji. Kama mtoto anaigiza mchimba madini, mama ashone nguo ya bluu mpya ya kitambaa rahisi. Vumbi la mgodi libaki mgodini.

Mbao zote zinazobaki, zisugue kwa msasa hata mahali pasipoonekana. Macho ya watazamaji hayafiki nyuma ya chombo, lakini mikono ya watoto inafika. Pinda kila ncha ya msumari, na pembe zote zifunge kitambaa.

KAPITA WA JUKWAA

Kazini kila kikundi kina kapita. Jukwaa nalo lipate wake: mtu mzima mmoja, asiyeigiza, asiyepiga ngoma, asiyeuza vinywaji. Kazi yake ni kuangalia tu.

Kapita anapiga chaki jukwaani, akionyesha fasi ya kila chombo na njia ya kukipitisha. Anachagua wasukumaji, wawili kwa kila chombo, wakubwa kidogo kuliko waigizaji; hao wanavaa viatu vilivyofungwa, si makambambili. Hakuna chombo kinachosogezwa gizani bila neno lake. Anasema "Tayari?", wasukumaji wanajibu "Tayari!", anasema "Twende". Kama hakuna jibu, hakuna mwendo. Waya za umeme zinapita kando ya ukuta au juu, kamwe si chini ya magurudumu.

Wafanye jaribio la vyombo peke yake, bila maneno ya mchezo, mara tatu. Kisha kapita aende kwa kila chombo, akisukume kwa mkono mmoja kwenye kimo cha kichwa cha mtoto. Kikitikisika, sawa. Kikiinua mguu, kirudi kwa fundi.

Milango miwili ya chumba ibaki wazi, bila viti vya ziada. Ndoo ya maji na ndoo ya mchanga zikae pembeni. Umeme ukikatika, kila mtu asimame fasi yake mpaka tochi ya kapita iwake.

Na kama ajali imekwisha kutokea? Ondoeni chombo juu ya mtoto polepole, watu wawili au zaidi. Akilia kwa shingo au mgongo, msimwinue wala kumkalisha. Mtu amshikilie kichwa kisigeuke, na msaada uitwe. Damu ikitoka, bonyeza kitambaa safi bila kuacha. Aliyepigwa kichwani, hata kama amesimama na kucheka, aangaliwe usiku kucha. Akitapika, akisinzia ovyo, akisema maneno yasiyofuatana, au kichwa kikizidi kumuuma, apelekwe hospitali saa ileile. Msingoje asubuhi.

MAMBO NANE YA KUKUMBUKA

1. Upana wa chini usipungue nusu ya urefu.

2. Mzigo ukae chini, na uweze kumwagwa.

3. Hesabu upana kati ya magurudumu.

4. Mtoto akiachia chombo, chombo kisimame chenyewe.

5. Ukuta upate magunia mbele na nyuma. Upepo ukizidi, ulazwe.

6. Hakuna moto ndani ya vyombo.

7. Vitu vya sumu vya kazini visivuke mlango wa kampani.

8. Kapita mmoja, neno moja, mwendo mmoja.

Ndugu, mwalimu akirudi kwako akisema "Baba, Jumapili itakwisha?", mjibu: "Itakwisha Jumapili ya pili, Mwalimu, kwa sababu ya kwanza ni ya kupima." Hatakasirika. Siku ya mchezo atakaa kati ya wazazi akitazama watoto, bila kuhangaikia kuta. Ajali haina sikukuu, usiiandalie kiti.